Uzi: Tulichangia injini ya mvuke kama tunachangia harusi, tukaishia kwenye rangi (Tabora)

Mzee wa Loko – Jumanne, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliahidi kuuleta tangu mwaka jana, aibu ikawa inanishika. Leo nimejikaza, maana kuna vijana wa Kigoma wamenipigia simu wanataka kufanya kilekile tulichofanya sisi, na wanaanzia palepale tulipoanzia: wameshapata fundi wa rangi.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa fayamani, yaani mlisha moto wa injini ya mvuke, nimekulia nyumba za reli hapa Tabora, na mwenyewe nimestaafia karakana ya dizeli. Injini za mvuke nilizikuta mwishoni mwishoni, miaka ya 1970, mimi kijana wa kutumwa chai. Kuni za miombo zinarusha cheche balaa. Mama alikuwa akilishika shati la baba dirishani anahesabu matundu, halafu anasema, "Leo mlipanda mlima." Hakosei.

Mwaka 2018 tukaunda kamati ya watu kumi na wanne ili tufufue injini moja iliyolala. Ipo wapi? Sisemi. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wana simu janja. Ni moja ya zile zilizotengenezwa Glasgow miaka ya 1950 zikapewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kibao cha jina kilishaondoka na wenyewe, yamebaki matundu ya bolti.

Tukachangisha kama tunavyojua: grupu la WhatsApp, kadi, mwenyekiti, mhazini, na yule jamaa wa kila kamati anayeandika "tukumbushane" kila asubuhi. Miezi minne tukapata milioni 7.4. Tukajiona wanaume.

Matumizi nayaweka hadharani. Rangi na thina milioni 2.3. Vibarua wa kusugua kutu milioni 1.2. Fulana za kamati zenye picha ya injini milioni 1.1. Siku ya uzinduzi, turubai, muziki na pilau, milioni 1.9. Zikabaki laki tisa kwenye simu ya mhazini.

Siku hiyo ya uzinduzi, watu wanapiga picha, mtoto wa shule ya msingi akauliza: "Babu, itatembea lini?" Tukaangaliana.

Ndipo tukamtafuta mpimaji wa boila, lile tangi la injini linalochemsha maji yawe mvuke. Safari yake na kazi yake milioni 1.6. Laki tisa zile zikaenda, wazee saba tukaongeza laki moja moja. Akaja na nyundo ndogo na kipimo cha kupimia unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti. Siku moja tu. Chini ya tumbo la boila, pale maji yanapotuama injini ikilala, bamba limeliwa karibu nusu. Vijiti vinavyoshikilia kuta za jiko, vingi vimekatika. Mabomba ya moshi, yote ya kutupa. Na juu ya hayo yote rangi yetu nyeusi inang'aa, unajiona kama kwenye kioo.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mwenye mali: nani aliwaruhusu kupaka rangi?

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Bwana Ng'ambo – saa 2:26 usiku

Natia nanga hapa. Endelea mzee, usikate utamu.

Isevya Moja – saa 2:31 usiku

Fulana milioni 1.1. Hahaha. Bado mnazivaa?

Mzee wa Loko – saa 2:33 usiku

Yangu nalimia.

Fundi Boila – saa 2:50 usiku

Shikamoo mzee. Mimi nahudumia boila za viwandani huku Shinyanga. Swali moja kabla hatujafika mbali: hao vibarua walisugua wapi hasa? Lile ganda la bati la nje ya boila mlilitoa?

Mzee wa Loko – saa 2:58 usiku

Marahaba mwanangu. Tulilitoa ili tusugue vizuri. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, kama unga wa muhogo ulioloa ukakauka. Tukakikwangua, tukafagia, tukachoma na takataka. Kwa nini?

Fundi Boila – saa 3:04 usiku

Mzee wangu, uwezekano mkubwa hiyo ilikuwa asbesto. Injini za zama zile zilivikwa asbesto ili joto lisipotee. Vumbi lake ukilivuta linakaa mapafuni, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini. Na haiungui, kwa hiyo kuichoma ni kuitimua tu. Sikutishi, ila wale vibarua watafutwe, waambiwe, wakienda hospitali wamweleze daktari kwamba waliwahi kufanya kazi hiyo. Na ninyi mliokuwa mmesimama pale.

Vijana wa Kigoma mnaosoma hapa: ukiona kitu cheupe au cha kijivu chenye nyuzinyuzi chini ya ganda, acha. Usifagie, usipulize. Funika, piga simu OSHA (wakala wa usalama mahali pa kazi), uliza na NEMC (wa mazingira) namna ya kukitoa na pa kukitupa. Kazi hiyo ina gharama yake na mavazi yake, na inatakiwa iwe kwenye bajeti kabla ya kopo la kwanza la rangi.

Mzee wa Loko – saa 3:20 usiku

Hilo hatukuambiwa na mtu. Kesho naanza kuwatafuta. Wawili nawajua wanapokaa, mmoja nasikia alihamia Urambo.

Mwisho wa Reli – saa 3:41 usiku

Mwakeye mzee. Mimi ni mmoja wa waliokupigia simu kutoka Kigoma. Hapa nimekaa kimya nasoma. Fundi wa rangi nimemwambia asubiri.

Ila niulize kwa upole: hilo boila haliwezi kuchomelewa viraka? Tuna mafundi Katubuka wanachomelea maboti, maji hayaingii hata tone.

Fundi Boila – saa 4:02 usiku

Kaka, boti linazuia maji yasiingie. Boila inazuia maji yaliyokasirika yasitoke.

Nieleze kidogo. Injini za aina hiyo zilifanya kazi kwa mgandamizo wa ratili 200 hivi kwa inchi ya mraba. Kwa mgandamizo huo maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanakaribia 200 na bado ni maji, kwa sababu yamebanwa. Bamba likipasuka mgandamizo unashuka ghafla, na sehemu kubwa ya maji hayo inageuka mvuke hapohapo. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanahitaji nafasi mara 1,600 na zaidi. Kinachoua ni hizo tani za maji zinazotaka kuwa wingu kwa sekunde moja. Moto wa jiko ni mtoto.

Ndiyo maana boila inajaribiwa kwa maji baridi kwanza. Unaijaza pomoni, hewa isibaki, unaibana kupita kiwango chake cha kazi. Maji baridi hayatanuki, kwa hiyo pakiwa na ufa yanavuja tu, unalowa viatu, unarudi nyumbani kwa mkeo. Mkaguzi akiridhika ndipo unawasha moto. Kiraka cha fundi wa mtaani, hata kikiwa kizuri namna gani, hakina cheti cha chuma wala cha mchomeleaji, na mkaguzi hatakisaini. Kwa sheria zetu boila ni ya kukaguliwa na OSHA, iwe ya kiwanda, ya kufulia mashuka hospitalini au ya injini.

Na cheti si cha milele. Uingereza kwa kawaida boila ya injini inapewa miaka kumi, halafu inafunguliwa yote upya. Marekani ni siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia. Kwa hiyo mkifufua leo, jueni kuna bili nyingine kubwa inakuja baada ya miaka kumi, wakati nusu ya kamati imeshakufa.

Isevya Moja – saa 4:15 usiku

Mimi nitakuwa mbaya wa uzi huu, nisameheni. Kuna watoto wanakaa chini darasani ndani ya mkoa huuhuu. Kuna zahanati mjamzito anaenda na maji yake ya ndoo. Halafu watu wazima wenye mvi wanachanga milioni saba kupaka chuma rangi. Nani aliwaroga? Treni ya umeme inajengwa, ninyi mnataka kurudi kwenye kuni. Kuni zenyewe zitoke wapi, miombo gani imebaki?

Bwana Ng'ambo – saa 4:19 usiku

Isevya amepiga palepale.

Mama Vikoba – Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Mwangaluka wote. Mimi ndiye nilikuwa mhazini wa kamati hiyo, na laki tisa zilikuwa kwenye simu yangu, msije mkasema zililiwa.

Mwanangu wa Isevya, ya madawati nakubali kabisa. Ila hela zile zisingekwenda kwenye madawati. Zingekwenda kwenye harusi tatu na kumtoa mwali. Mtu alitoa elfu hamsini kwa sababu babu yake alikuwa gadi wa treni. Kwa dawati asingetoa, na nimeomba sana ya madawati, najua ninachosema.

Tatizo letu mimi naliona kwingine. Sisi tunajua kuchangia kitu chenye tarehe. Harusi ni Jumamosi fulani. Msiba ni leo. Kadi inatembea, mwenye kutoa anatoa, siku inafika, watu wanakula, kamati inavunjwa, mwenye deni anasamehewa. Injini haina Jumamosi. Ndiyo maana tukaitafutia: tukatengeneza siku ya uzinduzi, kwa sababu hatukujua kukusanya hela bila kuwa na siku ya kula pilau. Hela ikafuata tarehe, haikufuata boila.

Kikoba changu kina wanawake ishirini na mbili, mwaka wa tisa huu. Hisa kila wiki, elfu mbili mbili, daftari linasomwa mbele ya watu, sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Hakuna fulana. Injini ilitakiwa iingie kwenye sanduku la namna hiyo. Nilisema mwaka ule, nikaambiwa mama hizi ni hesabu za wanawake.

Mzee wa Loko – saa 1:05 asubuhi

Ni mimi niliyesema. Mbele ya wadau naomba radhi, shemeji.

Mmanyema Ughaibuni – saa 3:30 asubuhi

Mama Vikoba, hujui ulichokisema ni kikubwa kiasi gani. Mimi ni wa Ujiji, nipo Uingereza kaskazini mwaka wa kumi na tano, na wikiendi mbili kwa mwezi najitolea kwenye reli ya zamani: nasugua, nabeba, napika chai. Wazungu hawa walifanya kikoba chako.

Kuna injini inaitwa Tornado, ya aina iliyokatwakatwa yote ikaisha, haikubaki hata moja. Mwaka 1990 watu wakaamua kutengeneza mpya kutoka kwenye michoro. Hawakutafuta tajiri. Waliwaambia watu: toa bei ya glasi moja ya bia kwa wiki, kila wiki, benki ikate yenyewe. Maelfu wakaingia. Ilichukua miaka 18. Ilitembea mara ya kwanza mwaka 2008, imegharimu pauni milioni 3 hivi. Na boila haikutengenezwa Uingereza, kwa sababu karakana ya kuiweza ilikuwa Meiningen, Ujerumani. Nchi iliyoanzisha reli ya mvuke ikaagiza boila nje! Kwa hiyo tusijione wanyonge tukisema hapa fundi hayupo.

Upande wa pili kuna Flying Scotsman, hii hata asiyependa treni anaijua. Tajiri mmoja, Alan Pegler, aliinunua, akaipeleka kutembea Marekani, mwaka 1972 akafilisika. Yeye mwenyewe. Ikapita mikono kadhaa, hadi makumbusho ya taifa ya reli ikainunua mwaka 2004 kwa pauni milioni 2.3. Wakaanza matengenezo wakidhani ni ya muda mfupi. Kila wakifungua wanakuta kingine kimeoza. Ilirudi njiani mwaka 2016, na matengenezo peke yake yalikula pauni milioni 4.2. Kwa hela yetu ya leo ni zaidi ya bilioni 12. Hao wana wahandisi, wana michoro, wana bahati nasibu ya taifa inayochangia urithi.

Huku tuna msemo kazini: bajeti ya injini unaandika kwa penseli. Mpaka ufungue boila hujui lolote. Anayekupa bei kabla ya kufungua ama hajui, ama anajua na anataka kazi.

Isevya Moja – saa 3:48 asubuhi

Bilioni 12. Halafu mnasema mimi mbaya.

Mwalimu wa Cheyo – saa 7:15 mchana

Niongeze mfano wa Waafrika wenzetu, maana wa Uingereza tutaambiwa wana hela.

Eritrea. Reli ya Massawa hadi Asmara, kama kilomita 118, ilijengwa na Waitalia, inapanda kutoka baharini hadi kwenye baridi zaidi ya mita 2,000. Vita vikaiua, reli zenyewe na mataruma viling'olewa vikajengea mahandaki. Baada ya uhuru wa mwaka 1993 waliletewa makadirio ya wageni, wakayaona makubwa, wakaamua kuijenga wenyewe. Wakawaita wastaafu. Wazee wa miaka 70 na zaidi walirudi kwenye karakana yao ya zamani, wakatengeneza vipuri kwa mikono, wakafufua injini za mvuke za Kiitaliano, na kufikia mwaka 2003 treni ilikuwa imefika tena Asmara.

Jambo ninalotaka mlione: kilichowaokoa ni kwamba wazee walikuwa bado hai. Piga hesabu ya kwetu. Aliyekuwa fayamani wa miaka 25 mwaka 1978, leo ana zaidi ya 70. Jumuiya ilivunjika 1977, mali ikagawanywa, dizeli ikatawala, na baada ya hapo hakuna aliyefundishwa mvuke tena. Chuo cha Reli tunacho hapahapa Tabora, lakini hakuna mwanafunzi wa leo aliyewahi kutia kuni kwenye jiko la injini. Chuma kinaweza kusubiri miaka kumi mingine kikifunikwa. Mzee hafunikwi na turubai.

Wakili wa Kiloleni – saa 10:05 jioni

Mzee wa Loko, umeitaja ile barua ukaipita haraka. Mimi ndipo ningekaa.

Kisheria injini iliyolala kwenye njia ya kando haijatupwa, hata ikiota mpapai kwenye bomba la moshi. Ni mali ya umma iliyo kwenye daftari la mtu fulani. Ukiipaka rangi bila barua umegusa mali ya watu. Ukitoa kipuri ukakitengeneze gereji, huko njiani ukikamatwa nacho utaeleza nini? Shaba hiyo. Na siku itakapotangazwa kuuzwa kwa mnada kama chuma chakavu, zile milioni zako 7.4 hazina mahali pa kusimama.

Nenda na mambo matatu. Kwanza chombo chenye jina: bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa usajili wa serikali) inatosha, maana grupu la WhatsApp haliwezi kushtaki wala kushtakiwa. Pili mkataba wa maandishi na mwenye mali unaosema injini inabaki yake, ninyi mnaitunza kwa miaka mingapi, nani analipa nini, vipuri mlivyonunua ni vya nani mkiachana, na kwamba haitauzwa humo katikati bila ninyi kuulizwa. Tatu, amueni kama mnataka isimame au itembee. Ikisimama kama kumbukumbu, shughuli yenu ni paa, uzio na mlinzi. Ikitembea kwenye njia ya TRC, yaani Shirika la Reli, mmeingia kwenye usalama wa reli, LATRA (wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu) watakuwa na la kusema, dereva awe na sifa, bima iwepo, na breki zikubaliane na mabehewa ya leo.

Mkataba huo haugharimu hela nyingi. Unagharimu nauli na uvumilivu wa kukaa kwenye mabenchi ya maofisi.

Mwisho wa Reli – saa 11:20 jioni

Wakili asante. Nimeshaanza kuandika hiyo barua.

Sasa na mimi niwape la Kigoma, maana watu wa Tabora mnatuona sisi ni pa kuteremkia tu. Reli ilifika kwenu 1912, kwetu Februari 1914, na kilichokuwa kinaisubiri ni meli. Graf von Goetzen ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye makasha, ikaungwa hapa Kigoma. Vita vikaja, mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene. Nadhani walikuwa na nia ya kurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, injini na boila zikakutwa zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Nilikuwa naisikia hadithi hii tangu shule ya msingi naona ni ya vita. Leo nimesoma uzi huu nikaona ni ya grisi. Miaka ile yote chini ya maji, kopo za grisi zikaokoa mtambo. Ya kwetu ipo juu ya ardhi na hatujaipaka grisi hata kijiko, tulikuwa tunatafuta rangi.

Na ya pili: Liemba ya leo haiendeshwi na mvuke. Miaka ya 1970 ilitiwa dizeli. Kuna watu linawauma hilo. Lakini kama wangeng'ang'ania mvuke, nadhani ingekuwa sasa imeegeshwa inaota kutu huku tunaifanyia uzinduzi. Iliishi kwa sababu ilikuwa inabeba watu, dagaa na mawese.

Fundi Boila – saa 11:34 jioni

Grisi, ndiyo. Na maji yote yatolewe kwenye boila, milango ya kuoshea iachwe wazi ipumue, bomba la moshi lifunikwe mvua isiingie. Sahani ya bati na jiwe juu yake. Gharama yake ni soda.

Bwana Ng'ambo – saa 1:12 usiku

Mimi nimeuliza moyoni siku nzima: tuseme imefufuka. Itatembea wapi? Reli ya kisasa geji yake, yaani upana kati ya vyuma viwili, ni milimita 1,435, hii yetu ya Mjerumani ni 1,000. Na nani atapanda? Livingstone kule Zambia wana treni ya mvuke ya watalii wanaokula chakula cha jioni, lakini wao wana maporomoko ya Victoria, mtalii ameshafika tayari. Tabora mtalii anakuja kufanya nini, kuona miembe?

Mwalimu wa Cheyo – saa 1:25 usiku

Tembe la Livingstone pale Kwihara lipo, na stesheni yenyewe ya Mjerumani bado imesimama. Lakini nakubali, kwa hesabu ya tiketi haijilipi. Nairobi wanayo makumbusho ya reli tangu 1971, wana injini kubwa kabisa ya mvuke ya aina ya Garrati, ile Mount Gelai, tani 252, moja kati ya 34 zilizotengenezwa Manchester. Iliwahi kufufuliwa ikavuta treni za wapenzi wa mvuke. Siku nyingi imesimama. Watu wanalipa kiingilio kuiona ikiwa imesimama, watoto wanapanda kwenye kibanda cha dereva, wanavuta kamba ya king'ora isiyolia. Nimewaona kwa macho yangu, hakuna mtoto aliyelalamika kwamba haitembei.

Isevya Moja – saa 1:40 usiku

Hapo mnaanza kuongea kama watu. Paa, uzio, mlinzi, kibanda cha kuvuta kamba. Hiyo hata mimi naweza kutoa elfu mbili. Kwa wiki siwezi, kwa mwezi.

Mama Vikoba – saa 1:44 usiku

Nimekuandika. Namba ishirini na tatu.

Mzee wa Loko – saa 3:15 usiku

Nimetoka mjini sasa hivi. Vibarua wawili nimewapata. Mmoja anauza mihogo karibu na stendi, hajambo, kakohoa mara moja mbele yangu, nikakosa raha hadi aliponiambia ni vumbi la Septemba. Kesho naenda nao hospitali, nauli na kadi juu yangu. Wa Urambo namba yake haipatikani. Mwenye ndugu kule aniandikie pembeni.

Nimalizie nilichobakiza. Baada ya barua ile kamati ilisambaratika. Wawili hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya zile fulana. Injini ipo, rangi imeanza kubabuka upande wa jua. Nimekwenda kuiona mwenyewe wiki iliyopita, nikaingia kwenye kibanda. Kiti cha fayamani hakipo ila alama ya kisigino ipo kwenye bamba la sakafu, pamelika kidogo, pale mtu alipokuwa anakanyaga kila akigeuka kuangalia moto. Nikaweka mguu wangu pale.

Sitawaambia vijana wa Kigoma waache. Nawaambia hela ya kwanza iende kwa mpimaji, ya pili kwenye nauli za Wakili, ya tatu kwenye mabati ya paa. Na mtafute mwanamke wa kushika daftari kisha mmsikilize.

Mwalimu, lile la wazee limenikaa. Ninao watano hapa mjini: madereva wawili, fayamani wawili, na fundi mmoja wa boila wa zamani asiyesikia vizuri sikio la kulia, mkae kushoto kwake. Nimeshawaomba. Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, chini ya mwembe. Nataka waseme namna ya kuwasha injini baridi mwanzo hadi mwisho, namna ya kusoma moto, namna ya kujua boila ina magadi kwa kuusikia mlio wake. Anayeweza kuja na simu yenye nafasi aje. Kahawa ipo. Pilau hakuna.

Fundi Boila – saa 3:22 usiku

Napanda basi Ijumaa usiku.

Mwisho wa Reli – saa 3:30 usiku

Sisi wawili tutakuja na treni. Ikichelewa, mzee, waambie wasianze.

Mzee wa Loko – saa 3:31 usiku

Wamefanya kazi reli miaka thelathini. Kusubiri treni wanajua.